Usuli wa mhusika wa kihistoria: kuujenga kwa maneno ya zama zake

Istilahi na maana yake

*Usuli* (nomino, ngeli ya U-) ni chanzo, asili au mambo yaliyotangulia jambo fulani. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako ni wingi wa neno lililotupatia *asili*. Katika uhakiki na utunzi wa fasihi, *usuli wa mhusika* ni jumla ya yale yaliyompata mhusika kabla ya ukurasa wa kwanza wa hadithi: alikozaliwa, aliyemlea, alichopoteza, jina aliloitwa na aliyemwita.

Istilahi hii isichanganywe na tatu zilizo jirani nayo. *Wasifu* ni habari za maisha ya mtu zilizopangwa na kuandikwa ili zisomwe. *Nasaba* ni ukoo peke yake. *Mbinu rejeshi* ni njia ya kuusimulia usuli ndani ya hadithi kwa kurudi nyuma. Mtunzi anaweza kuujua usuli wote wa mhusika wake bila kutumia mbinu rejeshi hata mara moja. Msomaji ataubaini katika namna mhusika anavyoamkia, anavyohesabu miaka na anavyolitaja jina lake.

Kwa mhusika wa zama zetu, maneno ya usuli na maneno ya hadithi ni yale yale. Kwa mhusika wa kihistoria hali ni tofauti. Maneno mengi yanayotumika leo yalikuwapo karne ya 19, lakini yalikuwa na maana nyingine na, zaidi ya hayo, yalikuwa na wenyewe: yalisemwa na kundi moja kulihusu kundi jingine. Makala hii inaeleza jinsi ya kuyachagua, kwa kutumia mfano wa mhusika mmoja wa kubuni: Zafarani, mwanamke wa shamba la karafuu Unguja, aliyezaliwa kwa Wayao karibu na Ziwa Nyasa yapata mwaka 1863.

Kumweka mhusika kwenye kalenda

Hatua ya kwanza ni kuyapima maisha ya mhusika kwa matukio yanayojulikana. Kwa Unguja ya nusu ya pili ya karne ya 19, yafuatayo yanatosha kuanzia:

- 1856: Seyyid Said afariki dunia.
- 1869–1870: Kipindupindu chaua watu wengi Unguja na pwani.
- Aprili 1872: Tufani kubwa yaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba yanusurika kwa kiasi kikubwa.
- Juni 1873: Sultani Barghash, kwa shinikizo la Uingereza, atia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la mjini.
- 1876: Misafara ya watumwa ya nchi kavu yapigwa marufuku.
- 1890: Zanzibar yawa chini ya ulinzi wa Uingereza, mwezi Agosti amri yatolewa ya kukataza kuuza na kununua watumwa.
- 27 Agosti 1896: Manowari za Uingereza zaipiga kasri kwa mizinga; vita vyaisha kabla ya saa moja kutimia.
- Aprili 1897: Hadhi ya utumwa yafutwa kisheria Unguja na Pemba, isipokuwa kwa masuria.
- 1909: Masuria nao waingizwa katika sheria hiyo.

Orodha hii yatosha kumwonyesha mtunzi yanayowezekana na yasiyowezekana. Zafarani akifikishwa Kilwa Kivinje mwaka 1871 na kuvushwa hadi Unguja, huenda aliuzwa katika soko la Mkunazini, kwa kuwa lilikuwa bado wazi. Akifika mwaka 1875, soko hilo halipo, na uwanja wake tayari umekabidhiwa kanisa la Kianglikana ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873. Atakuwa ameletwa kwa magendo, usiku, kwa jahazi lililokwepa doria. Tofauti ya miaka minne yabadilisha kumbukumbu yote ya mhusika: kelele za mnadani, au ukimya wa pwani yenye giza.

Mhusika mwenyewe, hata hivyo, hahesabu kwa tarakimu hizo. Atasema *mwaka wa tufani*, *mwaka wa kipindupindu*, *kabla kasri halijapigwa*. Misimu ataitaja kwa pepo na mvua: *kaskazi*, *masika*, *kusi*, *vuli*. Saa za siku atazijua kwa adhana: *alfajiri*, *adhuhuri*, *alasiri*, *magharibi*, *isha*. Tarakimu ni za msimulizi, naye azitumie kwa kiasi.

Jina

Jina ndilo sehemu ya usuli inayoonekana kwanza. Katika Pwani ya karne ya 19, mtu aliyetekwa alipewa jina jipya. Yako majina ya siku, kama Juma na Hamisi. Majina ya heri, kama Baraka, Mabruki na Faraji. Na majina ya vitu vya thamani au vya kunukia, kama Feruzi, Almasi na Zafarani. Majina hayo si mabaya kwa sura. Uzito wake u katika kukosa mkia: mwungwana alikuwa *fulani bin fulani*, ilhali mtumwa mara nyingi alitajwa kwa jina moja tu, au kwa jina lake likifuatwa na la mwenyewe.

Mfano wa kweli ulio wazi ni Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara aliyefanya kazi na Burton, Speke, Stanley na Cameron. Alizaliwa kwa Wayao, akatekwa utotoni, akapelekwa India, kisha akarejea Zanzibar akiwa huru. *Mubarak* ni jina la Kiislamu la heri. *Sidi* ndivyo Waafrika walivyoitwa India. *Bombay* ni mji. Majina yote matatu yaeleza alikopitishwa. Hakuna hata moja lieleze alikozaliwa.

Mfano wa pili ni wa Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. *Siti*, yaani bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye pamoja na sifa zake. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika *Wasifu wa Siti binti Saadi*. Mtunzi wa hadithi ya kubuni hawezi kutunga badiliko la jina lililo na maana zaidi ya hilo lililotokea kweli.

Kwa Zafarani suala ni zito zaidi, kwa sababu Wayao hufuata ukoo wa mama: kundi la akina dada na watoto wao, *mbumba*, ndilo nguzo ya jamaa. Neno *binti* likifuatwa na jina la baba halikuwa njia ya kwao ya kumtambulisha mtu. Siku atakayosimama mbele ya karani na kuulizwa, “Binti nani?”, swali lenyewe litakuwa geni kwake. Usuli unaozingatia jambo hili humpa mtunzi onyesho zima bila kulibuni tukio lolote jipya. Jina lake la kwanza, ikiwa litatajwa, lisibuniwe kwa kufuata sauti tu. Litafutwe kwa wazungumzaji wa Kiyao.

Maneno ya hadhi

Hapa ndipo watunzi na wafasiri hukosea zaidi. Maneno yafuatayo yalikuwa hai Pwani katika karne ya 19, na baadhi yake yamerekodiwa katika *Desturi za Waswahili* ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, iliyochapishwa 1903.

*Mtumwa*: neno la jumla. Linatokana na *kutuma*. Kwa umbo lake ni “anayetumwa”.

*Mtwana, mjakazi*: mtumwa mwanamume na mtumwa mwanamke. *Kijakazi* ni msichana.

*Mjinga*: mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za Pwani. Maana ya leo, mtu asiye na akili au elimu, ni jirani ya hiyo. Lililoitwa ujinga lilikuwa ugeni.

*Mkulia*: aliyeletwa akiwa mtoto akakulia Pwani.

*Mzalia*: aliyezaliwa Pwani na wazazi watumwa. Alihesabiwa kuwa juu ya mjinga, na kumuuza kulionekana kuwa aibu. Lisichanganywe na *mzaliwa* wa leo.

*Suria*: mjakazi aliyewekwa na bwana wake kuwa mwenziwe wa kitandani. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alikuwa huru, na mama wa mtoto huyo alipata uhuru bwana alipofariki. Masultani Majid na Barghash walikuwa wana wa masuria.

*Mahuru*: aliyeachwa huru. Kitenzi cha zama hizo ni *kuacha huru*: mtendaji ni bwana.

*Mtoro*: aliyekimbia. Leo neno limehamia shuleni, kwa mwanafunzi asiyehudhuria masomo. Zamani watoro waliweza kuanzisha vijiji vyao, kama Fuladoyo katika nchi ya nyuma ya Mombasa.

*Kibarua*: kwa asili ni barua ndogo, yaani kikaratasi cha kazi ya siku, kisha likawa jina la mfanyakazi mwenyewe. Miongoni mwa vibarua wa mwanzo walikuwamo watumwa waliokodishwa, wakagawana ujira na wenyewe.

*Mwungwana*: mtu huru, mwenye nasaba na adabu za mji. *Uungwana* ndilo lililokuwa neno la kusifia maisha ya mji; *ustaarabu*, lenye mzizi wa Uarabu, lilizidi kushika nafasi yake katika karne ya 19 chini ya dola ya Waomani.

*Mshenzi*: mtu wa bara, kwa kauli ya mtu wa Pwani. Ni tusi, na lilikuwa tusi.

Kanuni inayofuata kutoka katika orodha hii ni moja: *neno la hadhi liwe na msemaji*. Mwenye shamba anaweza kusema “mjinga”. Msimamizi anaweza kusema. Hata mzalia anaweza kumwambia mwenziwe aliyefika jana. Msimulizi akilisema kwa sauti yake mwenyewe, amekubali kipimo cha mwenye shamba na kumtaka msomaji akikubali. Vivyo hivyo, “alikuwa mtumwa” hueleza hali kana kwamba ni sifa ya mtu, kama kimo au rangi ya macho. “Alitekwa”, “aliuzwa”, “alifanyishwa kazi” huonyesha kuwa kuna aliyetenda. Mtunzi halazimiki kulikimbia neno *mtumwa*, maana ndilo lililotumika. Analazimika kujua ni sentensi ipi inayosema yaliyotendwa na ipi inayorudia kauli ya watendaji.

Salamu nazo zimo katika hesabu hii. *Shikamoo* hufasiriwa na wengi kuwa “nashika miguu yako”, na katika zama za Zafarani ilikuwa salamu ya mtu wa chini kwa mkuu wake. Leo kijana humwamkia hivyo mzee yeyote. Zafarani akimwamkia msichana wa nyumba ya bwana wake kwa *shikamoo*, umri haukuzingatiwa, cheo kimezingatiwa. Onyesho hilo dogo laweza kubeba usuli mwingi kuliko aya ya maelezo.

Kazi, vipimo, fedha na mavazi

Shamba la karafuu lilikuwa na ngazi zake: *msimamizi*, kisha *nokoa*, kisha *kadamu*. Karafuu zilichumwa, zikachambuliwa kutoka kwenye vikonyo, zikaanikwa majamvini na kupimwa kwa *pishi* (vibaba vinne) au, zilipouzwa kwa wingi, kwa *frasila* (karibu kilo 16). Watumwa wa mashamba walikuwa na siku mbili za wiki za kulima vipande vyao, kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa, na zao lao kuu lilikuwa muhogo. Kipande hicho cha muhogo ni sehemu muhimu ya usuli: ndicho kitu pekee ambacho Zafarani angekiita chake, ingawa ardhi haikuwa yake.

Fedha za zama hizo ni *riale* na *rupia*, na kwa vitu vidogo *pesa*, neno lililotoka India. *Shilingi* haikuwa fedha ya Afrika Mashariki kabla ya 1921, na Zanzibar iliendelea na rupia hata baada ya hapo. Bara, malipo yalifanywa kwa nguo: *shuka* ilikuwa mikono minne, *doti* mikono minane. *Merikani*, kitambaa kisichopaushwa, kilibeba jina la nchi kilikotoka.

Mavazi yalitangaza hadhi. *Kaniki*, nguo iliyotiwa nili, ilikuwa vazi la mwanamke wa shamba. Kofia, kanzu na viatu vilikuwa alama za uungwana. *Kanga* ilianza kuenea katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, na wanawake waliotoka utumwani waliipokea kama vazi la maisha mapya. *Buibui* ni la karne ya 20. Zafarani wa mwaka 1880 aliyevaa buibui ni kosa la tarehe. Zafarani wa mwaka 1900 anayeiweka kaniki chini na kujifunga kanga ni tukio.

Mhusika akiwa mpagazi wa msafara, maneno mengine yahitaji uangalifu. *Hongo* ilikuwa ushuru uliolipwa kwa watawala wa njiani ili msafara upite. Maana ya rushwa ni ya baadaye. *Posho* ilikuwa chakula cha njiani au nguo za kukinunulia. *Mnyapara* alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi.

Mfano wa usuli, kabla na baada ya kusahihishwa

Rasimu dhaifu:

> Zafarani alikuwa mtumwa tangu utotoni. Alikuwa mjinga alipofika Unguja, lakini bwana wake alimstaarabisha. Mwaka 1897 Waingereza walimpa uhuru, akanunua kanga kwa shilingi mbili.

Makosa ya tarehe ni moja tu, shilingi. Makosa ya msimamo ni manne. “Alikuwa mtumwa tangu utotoni” hufuta miaka yake ya kwanza, alipokuwa mtoto wa mtu. “Mjinga” limesemwa na msimulizi. “Alimstaarabisha” humfanya aliyemnunua kuwa mfadhili. “Walimpa uhuru” si kweli kwa namna sheria ilivyofanya kazi: amri ya 1897 haikumfungulia mtu aliyekaa nyumbani. Aliyetaka uhuru wake utambuliwe ilimbidi aende kudai mahakamani, naye akishatambuliwa alipaswa kuonyesha makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Wenye mashamba walilipwa fidia. Waliofanyishwa kazi hawakulipwa.

Rasimu iliyosahihishwa:

> Mwaka wa tufani ulimkuta Zafarani hajamaliza msimu mmoja kisiwani. Kwao alikuwa na jina jingine, na mama na dada za mama waliomwita kwa jina hilo. Shambani waliomtangulia walimwita mjinga, kwa kuwa hakujua kuitikia. Baada ya mavuno mawili alijua, na Kiyao kikabaki lugha ya usiku, ya kuzungumza na mwanamke mmoja mzee aliyepita Kilwa kabla yake. Alipozaa, mtoto aliitwa mzalia, naye akasikia jinsi neno hilo lilivyotamkwa kwa upole kuliko lile aliloitwa yeye. Habari ya amri ilipofika shambani, hakuuliza kama ataachwa huru. Aliuliza kipande cha muhogo kitakuwa cha nani.

Rasimu hii haina tarakimu hata moja, lakini miaka yake yote yaweza kuhesabiwa. Maneno ya hadhi yamo, na kila moja lina aliyelisema. Swali la mwisho latokana na masharti ya sheria yenyewe: asiye na makazi si huru kwa muda mrefu. Hapo usuli umekwisha na hadithi yaweza kuanza, kwa kuwa mhusika ana jambo la kuamua: aende mahakamani na kuhatarisha kibanda na muhogo, au abaki na kuafikiana na mwenye shamba, kama wengi walivyofanya.

Kwa wafasiri na walimu

Mfasiri wa maandishi ya wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 hukutana na neno moja la kigeni kwa watu ambao Kiswahili kiliwaita kwa majina saba au manane. Asikimbilie *mtumwa* kila mahali. Aangalie muktadha: je, ni suria, mzalia, kibarua au mahuru? Pale muktadha usipoamua, neno la jumla ndilo salama, kuliko kumpa mtu hadhi ambayo matini haikumpa.

Mwalimu anaweza kutumia zoezi hili: wanafunzi wachague neno moja kati ya *mjinga, mtoro, kibarua, hongo* na *shikamoo*, waeleze maana yake ya leo na ya karne ya 19, kisha waandike sentensi mbili zenye neno hilo, moja katika kinywa cha mhusika, nyingine kwa sauti ya msimulizi. Sentensi ya pili ikionekana kumdhalilisha mhusika bila mtunzi kukusudia, somo limeeleweka.

Tazama pia: *asili, mandhari, mbinu rejeshi, mhusika, msimulizi, nasaba, uungwana, wasifu.*